Usiuzie Sebuleni kwa Shangazi

Leokadia,

Salamu nitakupa nikipoa. Sasa hivi sijapoa, na sitaki kuanza barua kwa uongo.

Naandika kwa sababu nikisema na wewe utanijibu. Tangu ukiwa mdogo hujawahi kuniacha nimalize neno. Karatasi haina mdomo. Nimekaa uani, kahawa imeanikwa mbele yangu kwenye mkeka, fimbo ya kufukuzia kuku iko mkono wa kushoto na kalamu iko wa kulia. Wewe umekwenda kuaga. Kila nyumba utakayopita watakuambia hongera, watakuombea, watakufungashia ndizi za njiani kana kwamba Bukoba hakuna ndizi. Vizuri. Kwangu hongera hakuna.

Mambo ya kuvaa sweta, kuchemsha maji, kwenda misa na kutokuwachekea makondakta sitayaandika. Wa kukuambia hayo wapo tele, na hata ukiambiwa hufuati. Nina jambo moja, nalo ndilo lililonifanya jana niondoke sebuleni watu wakiwa bado wanaongea.

Nakukumbusha lilivyokuwa, maana nakujua, kesho kutwa utalisimulia vingine. Tulikuwa wote. Baba yako kwenye kiti chake, shangazi yako Theresia aliyetoka Bukoba kuja kukuchukua, wewe kwenye mkeka, mimi mlangoni. Ukasema unakwenda mjini, utatengeneza akamwani yako mwenyewe na kuiuza mwenyewe, na kwamba kukaa na mimi barabarani hapa Muleba ukifunga kahawa hiyo hiyo ya kutafuna kwa ajili ya wasafiri umechoka. Nikameza. Nikakuuliza swali moja la kistaarabu.

"Unataka kazi hiyo ikufikishe wapi?"

Ukanitazama kama nimekuuliza habari za mwezini. Ukasema, "Tutaona huko huko, Mama."

Na shangazi yako akapiga makofi! Akasema, "Mwache mtoto, waitu. Sebule yangu ni kubwa, atauzia pale pale. Wageni wangu si unawajua walivyo wengi?" Baba yako naye akasema, "Mwache aende," kama anavyosema juu ya kila kitu, hata mbuzi akikata kamba. Nikatoka. Mlidhani nimekwenda jikoni kulia. Sikulia. Nilikuwa natukana, tena kwa Kihaya, kwa sababu Kiswahili nilichofundishwa na masista hakina matusi ya kumtosha mtu anayesema "tutaona."

Neno hilo nalijua. Nimelitumia mimi kabla yako. Na sebule nayo naijua.

Nilianza mwaka ule wa Uhuru, wewe ukiwa mgongoni. Kila mtu alikuwa na kitu anachokwenda kufanya. Redioni walisema Uhuru na Kazi, shuleni Uhuru na Kazi, hata walevi wa lubisi walikuwa wanagonganisha vibuyu wakisema Uhuru na Kazi. Nami nikasema nitafanya kazi. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa amenifundisha kutengeneza akamwani: kuichuma kahawa ikiwa bado ya kijani, kuichemsha na majani yenye harufu, kuianika, kisha kuikausha juu ya moshi wa jikoni mpaka mtu akiitafuna uchungu unakuja kwanza na utamu unafuata. Mkono wangu ulikubali. Watu walisema ya kwangu imeipita ya bibi yako, ingawa hakuna aliyesema hivyo bibi yako akiwa karibu.

Basi nikafungua biashara, na mahali nilipoifungulia ni sebuleni. Nikatandaza nyasi mpya sakafuni, nikaweka kapu la vifurushi vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, nikasambaza habari kwamba nauza.

Mteja wangu wa kwanza alikuja kwa baiskeli kutoka Nshamba. Mzee wa heshima zake, kanzu nyeupe na koti juu yake. Akapiga hodi, nikamkaribisha, akakaa. Sasa wewe umezaliwa hapa, nijibu. Mtu akishaingia, akakaa kwenye nyasi za nyumba yako, unafanya nini? Unamletea akamwani. Hata kama amekuja kukushtaki, kwanza atafune, mashtaka baadaye. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kapu. Wangu ulikwenda.

"Hii umetengeneza mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe, waitu."

"Kasinge, hongera. Na nasikia unauza."

"Nauza."

"Vizuri sana," akasema, akaongeza punje nyingine mdomoni.

Tukaongea habari za mvua. Tukaongea harusi ya mtoto wake. Baba yako akaingia kutoka kibanjani, kwenye migomba, akakaa, akampa tena, naye akajipa. Jua likageuka. Mzee akasimama, akashukuru, na mimi badala ya kutaja bei nikamfungia kifurushi cha kupelekea nyumbani kwake. Zawadi! Ungenisaidia kama ungekuwa umeanza kusema. Mtu amekaa kwako, ametafuna kwako, amemwombea heri mtoto uliyembeba, unamwambiaje kwamba sasa alipe? Mzee akarudi Nshamba akasema nyumba ile ina watu wakarimu sana, na wiki iliyofuata wakaja wenzake kuuona ukarimu huo.

Nilikuwa mfanyabiashara anayejulikana kuliko wote kuanzia hapa mpaka Nshamba, Leokadia, na nilikuwa siuzi kitu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wangu ningewapa majembe, tungelima mlima mzima. Na shangazi yako Theresia, huyo huyo mpiga makofi, alikuwa anashuka kutoka Bukoba kila alipoishiwa, anakaa, anasifu, anaondoka na kapu. Sisemi ni mwizi. Ni mgeni, na mgeni ni mbaya zaidi, kwa sababu mwizi unaweza kumpigia kelele.

Mwenye akili angeiona shida siku ya kwanza. Mimi nilidhani kahawa ndiyo yenye kasoro. Nikabadilisha majani. Nikaongeza moshi, nikapunguza moshi. Nikasali novena. Sikuwahi kujiuliza ninataka nini, kwa sababu nilidhani nimeshasema: nataka kuuza. Hilo si lengo, mwanangu. Kila anayeamka asubuhi anataka kuuza. Kumuuzia nani? Wapi? Mpaka ufike wapi ndipo uketi? Hayo sikuwa nimeyasema hata moyoni, na kwa kuwa sikuwa nimeyasema, desturi ya nyumba ikanisemea.

Siku niliyohamia barabarani, pale magari ya Biharamulo na ya Bukoba yanaposimama, bibi yako alinifuata kwa miguu. Unamkumbuka alivyokuwa mfupi. Siku ile alikuwa mrefu.

"Unauza akamwani njiani?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa watu usiowajua hata majina?"

"Hao ndio wanaolipa, Mama."

Akatema mate pembeni. "Kitu hiki ni cha kumpokelea mtu nyumbani. Watu waliapiana undugu kwa punje hizi hizi. Wewe unaziuza kama karanga."

Alikuwa na haki, ndiyo maana niliumia. Nilimjibu vibaya kwanza, halafu nikamjibu vizuri: nikamwambia kapu la nyumbani litajazwa kabla ya la barabarani, na halitauzwa hata njaa ije. Hakunisemesha mpaka Pasaka. Lakini kapu la nyumbani sijaliuza mpaka leo, wewe ni shahidi, na kwenye kibanda cha barabarani sijaweka kiti mpaka leo, wewe ni shahidi pia maana umelalamika vya kutosha kuhusu miguu. Wateja nao walilalamika. "Mama, hata kigoda?" Nikawajibu, "Kigoda kiko nyumbani, na nyumbani siuzi. Unanunua au unangoja gari?" Wakaniita Mama Simama. Na waite. Aliyesimama ni mnunuzi, aliyekaa ni mgeni. Sheria hiyo sikufundishwa na mtu, niliitoa kwenye mifupa yangu.

Ngoja, kuku.

Nimerudi. Yule jogoo wa jirani ndiye mwenye tabia kama za shangazi yako.

Sasa nisikilize kuhusu "tutaona," maana hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kibanda kiliposimama, alipita mfanyabiashara mmoja wa Bukoba, Mzee Athumani, wale ambao babu zao walitoka pwani wakabaki. Alikuwa anatoka Biharamulo, gari likasimama, akashuka kunyoosha miguu. Akatafuna akiwa amesimama. Akafumba macho.

"Mama, hii ni safi. Dukani kwangu wananiulizia kila siku. Wewe unataka nini?"

"Nataka kuuza, Mzee."

"Kuuza nakuona unauza. Nauliza unataka ufike wapi. Uniletee kiasi gani, kila lini, kwa muda gani? Nami nijue najipangaje."

Nikacheka. Nikainamisha kichwa kama msichana wa shule. Nikasema, "Tutaona, Mzee."

Hakukasirika. Alisema, "Haya, mkishaona mtaniambia," akapanda gari, likaondoka. Na kwa nini sikusema? Nilikuwa najua kabisa. Nilijua jiko langu linaweza kukausha kiasi gani, nilijua Jumamosi kuna lori. Lakini nilidhani mtu akitaja anachokitaka anajivuna. Mwanamke hapa kwetu akisema nataka hiki, nataka kufika pale, wanamuuliza mumewe yuko wapi. Nikaona bora niwe mnyenyekevu. Unyenyekevu ule ulikwenda mpaka Kanazi, ukampa mwanamke mwingine soko langu. Yeye alipoulizwa alijibu: kila Jumamosi, kapu moja, lisizidi, mpaka mwanangu amalize masomo, baada ya hapo tuzungumze upya. Mzee Athumani mwenyewe alinisimulia, bila ubaya, huku anatafuna ya kwangu. Nimewahi kuionja ya yule mwanamke. Inanuka moshi kama blanketi la mlinzi. Lakini alijua anataka nini, na alikuwa na mdomo wa kukisema, basi akapata. Mimi mwenye kahawa nzuri nilibaki nikiwaangalia wasafiri wanapanda magari.

Kwa hiyo jana uliposema neno lile, sikukusikia wewe. Nilijisikia mimi, na mimi yule simpendi.

Halafu yakaja ya kijiji. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ulikuwa umeanza shule, unakumbuka ile mikutano ya jioni. Katibu wa kijiji chetu, kijana yule mwenye miwani, akasimama akasema wanaouza peke yao barabarani ni kupe wanaowanyonya wenzao. Watu wote wakageuka kuniangalia. Nao ni wale wale, Leokadia, waliokaa kwenye nyasi zangu wakatafuna miezi yote ile bila kutoa hata asante ya maana! Kupe nikawa mimi! Mpaka leo nikikutana na wengine njiani naitikia salamu kwa meno.

Ikaamuliwa kwamba akamwani iwe mradi wa kijiji, na mimi niwe fundi wake. Nikakubali. Wewe ulidhani niliogopa. Kweli niliogopa, lakini ukitaka ukweli wote, nilifurahi pia. Nilikuwa nimechoka kuwaza peke yangu. Nikasema afadhali mtu mwingine aniwekee lengo, mimi nichemshe tu.

Lengo likaandikwa kwa chaki ubaoni: magunia mengi kuliko kijiji cha jirani. Watu wakaenda mashambani wakachuma. Wakaleta kahawa nyekundu, iliyoiva, kwa sababu inajaza gunia haraka na inapendeza macho. Nikasimama kwenye mkutano.

"Hii ni ya kupeleka kwenye chama cha ushirika. Ya kutafuna inachumwa ikiwa ya kijani."

Katibu akasema, "Mama, lengo ni magunia."

"Lengo ni mdomo!" nikapiga kelele. "Nani anatafuna gunia?"

Watu wakacheka, nikaambiwa nikae chini, fikra zangu ni za kizamani. Nikakaa. Tukachemsha ile nyekundu. Ikatoa utelezi, ikaota ukungu, tukaipeleka mjini hivyo hivyo, na watu wa Bukoba wakaitema. Walisema imetoka kwa Mama Simama. Msimu uliofuata mradi ukawa wa maharage. Ningesema sikushangilia, lakini leo nimekataa uongo. Nilishangilia, jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeniandikia baadaye kibali cha kurudi barabarani, na hununua mpaka leo, akiwa amesimama. Alitaka kijiji kisonge mbele. Lakini lengo la mtu mwingine, hata liwe jema, litakupima kwa kipimo chake, na kipimo chake hakikujui. Shangazi yako naye ana lengo jema. Anataka nyumba iliyojaa watu na mpwa wa kuwakaribisha. Utakuwa kikapu cha sebule yake. Wageni watakuja, watakaa, watamwambia shangazi yako binti wa kaka yake ana mkono mzuri, na wewe utatabasamu na kufunga zawadi. Baada ya mwaka utaniandikia kwamba biashara ya mjini ni ngumu. Haitakuwa ngumu. Utakuwa hujaianza.

Lala kwake. Kula kwake, mfagilie, mtekee maji, mheshimu, ni dada ya baba yako. Lakini kuuza ukauzie kwingine. Soko lipo. Bandari ipo, na watu wanaoshuka kwenye meli ya Mwanza wana haraka na hawana ndugu wa kuwakaribisha. Na Mzee Athumani bado yuko dukani kwake, mtoto wake ndiye anayesimamia. Nilitaka nikuambie usiguse mteja wangu. Nimefuta. Mchukue. Mimi nilishampoteza zamani, nisijidai.

Na kuna jingine, ambalo mimi hakuna aliyeniuliza. Ukiiweka kahawa pembeni, wewe mwenyewe unataka nini? Mimi nilitaka kujifunza ukunga. Hukujua hilo. Baba yako mwenyewe hajui. Sista mmoja wa hospitali ya misheni aliniona nikimsaidia mwanamke aliyeshikwa na uchungu njiani, akaniambia njoo, una mikono isiyotetemeka. Nikasema nitakuja biashara ikitulia. Biashara haitulii, mwanangu, kama hukuipa mpaka. Itakula asubuhi yako, itakula jioni, na ikimaliza itakuuliza kesho umepika nini. Kila msimu nilisema huu tu, na magoti yangu sasa hayawezi kupanda ile njia ya hospitali. Nina hasira na sista kwa kuwa na subira. Angenifokea ningekwenda.

Ndiyo maana nafoka.

Baada ya ule mradi kufa, nilikaa hapa uani nikajiwekea lengo langu kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Nikasema nitatengeneza kiasi ambacho jiko moja linakausha vizuri, si zaidi, hata aje nani. Nikasema kazi hii inifikishe hapa: nyumba iezekwe bati, wewe na kaka zako msome mpaka mwisho wa uwezo wenu, na magoti yakinikataa, Leokadia achukue kibanda cha Muleba. Nililisema kwa sauti, kuku wakiwa mashahidi. Na nikalifuata. Bati lilikuja, unalisikia mvua ikinyesha. Kaka zako wako walipo. Wewe ulimaliza darasa la saba ukaja kusimama na mimi, na mimi nikasema ndani ya moyo, tazama, nimefika.

Jana uliposema unaondoka, nilihesabu makosa yako yote, na makosa unayo. Lakini leo asubuhi nikiwa nageuza kahawa hii nikaona jambo ambalo limenifanya nitake kukupiga wewe na kujipiga mimi. Nilikuwa nimekupanga kama bati. Bati haliulizwi linataka kukaa juu ya nyumba ya nani. Nilikuweka ndani ya lengo langu miaka yote hii, nikalijenga juu yako, na sikukuuliza hata siku moja. Ulinyamaza, nikasema kunyamaza ni kukubali. Sasa umenyanyuka, na paa langu limenyanyuka nawe, halafu nakasirika kwamba mvua inaingia.

Labda wewe lengo unalo. Labda ulisema "tutaona" kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na uso wangu huu. Kama ndivyo, kosa ni langu. Na ujinga ni wako, kwa sababu uso huu umeuona tangu kuzaliwa, ulipaswa kuuzoea.

Lengo usimwambie anayekupenda tu. Anayekupenda atasema hongera hata ukimwambia unakwenda kuuza mawe ya mtoni. Mwambie mtu aliyekukasirikia, atatafuta penye tundu. Kesho mimi nitakuwa pale barabarani mapema, na nakuhakikishia nitakuwa bado na hasira, sijawahi kupoa kwa usiku mmoja. Kabla basi halijaja, njoo uniambie. Utauzia wapi, utamuuzia nani, utatengeneza kiasi gani na utakataa kiasi gani, ukifika wapi utasema nimefika. Na lile jingine, la kwako mwenyewe, uniambie pia, hata likinichoma. Nitakubishia. Nitakuuliza maswali mbele ya kondakta na abiria wote. Ukisema "tutaona" nitashusha mzigo wako kwa mikono yangu.

Usipotaka kuniambia, panda basi. Lakini jiambie kabla hamjafika Bukoba.

La mwisho. Mahali pako pale kibandani nimempa Gaudensia, binti wa jirani. Nimemwita mchana huu ulipokuwa unaaga, na mama yake amekubali. Nilimuuliza yeye kwanza anataka nini, naye akasema anataka miaka miwili, kisha akajifunze cherehani. Amenijibu vizuri kuliko wewe. Kwa hiyo usiende na mawazo kwamba mjini kukikushinda utarudi kushika kazi yako. Haipo. Ukirudi, nyumba ni ya kwenu, utakula na utalala na hakuna atakayekuuliza, lakini kazi ile ina mtu. Mlango huo nimeufunga mwenyewe. Nikiuacha wazi, najijua, kila jioni nitakuwa nasikiliza basi la kutoka Bukoba nikiomba kimoyomoyo ushindwe ili urudi. Mama anayeombea mwanawe ashindwe ni mtu mbaya, na mimi leo mchana nilishaanza kuomba.

Gaudensia atakuja mapema kesho. Kabla hujapanda, mwonyeshe unavyofunga vifurushi. Nimejaribu kumwonyesha mimi, akafunga kama ninavyofunga mimi, vikalegea. Vya kwako havilegei. Wasafiri walikuwa wanachagua vyako na kuacha vyangu, nami nilikuwa naona, kila siku, na sikukuambia.

Mama yako